Namna ya Kuchora Wakati na Umbali kwenye Karatasi Moja

Maelezo mengi kuhusu wakati, nafasi na umbali huanza na treni iliyopigwa radi, yakaishia kwa kauli kama "wakati ni ndoto tu", na msomaji akaondoka mikono mitupu. Hapa tutachora. Chukua karatasi ya miraba, penseli, rula na kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili. Hesabu yenyewe haizidi kuzidisha, kugawanya, kutoa na kutafuta kipeuo. Ukimaliza utaweza kuchukua matukio mawili yoyote, uyaweke kwenye karatasi na ujibu maswali matatu: je, la kwanza lingeweza kusababisha la pili? Saa ya msafiri aliyetoka kwenye tukio moja hadi jingine ingehesabu muda gani? Na kwa nini watu wawili wenye vipimo safi kabisa hutofautiana kuhusu umbali uleule bila yeyote kukosea?

Hatua ya 1: Pima umbali kwa sekunde

Weka kilomita kando kwanza. Nuru katika ombwe husafiri mita 299,792,458 kila sekunde, na tarakimu hizo si makadirio. Tangu 1983 mita imefafanuliwa kuwa umbali unaopitwa na nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Sekunde nayo, tangu 1967, huhesabiwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya sesiamu-133. Maana yake ni kwamba hakuna tena ufito wa mita unaotunzwa kabatini kuwa kipimo cha dunia nzima. Kuna saa tu, na umbali hutolewa kwenye saa.

Kwa hiyo gawanya kilomita zako kwa 299,792 (kwa kazi ya haraka 300,000 inatosha) upate umbali kwa sekunde za nuru; sekunde moja ya nuru ni umbali ambao nuru hupita kwa sekunde moja. Mwezi, ulio wastani wa kilomita 384,400 kutoka duniani, uko umbali wa sekunde 1.28. Jua, kilomita milioni 149.6, liko sekunde 499, yaani dakika 8 na sekunde 19. Nyota ya Proxima Centauri, iliyo jirani yetu wa karibu zaidi baada ya Jua, iko miaka 4.24 ya nuru. Upande wa vitu vidogo, nanosekunde moja ni sawa na sentimita 30 hivi, na namba hiyo inafaa kukaririwa.

Huu si ujanja wa darasani. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha kiakisi juu ya Mwezi mwaka 1969, na hadi leo watafiti hukipiga kwa miale ya leza, wanasubiri kama sekunde mbili na nusu mwale urudi, kisha wanaugawa muda huo kwa mbili. Kwa njia hiyo wamegundua kwamba Mwezi unajitenga nasi kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Fanya hesabu mwenyewe: sentimita 3.8 za kwenda na 3.8 za kurudi ni robo ya nanosekunde. Anayeweza kupima robo ya nanosekunde ameweza kupima mwendo huo.

Aliyefungua mlango huu alikuwa Mdenmark Ole Rømer. Mwaka 1676 alieleza kwamba kupatwa kwa Io, mwezi wa sayari ya Mshtarii, huonekana kuchelewa kadiri Dunia inavyozidi kuwa mbali na sayari hiyo, na huwahi Dunia inapoikaribia. Kabla ya hapo wengi waliamini nuru hufika papo hapo. Makadirio yake yalikuwa dakika 22 kwa nuru kukatiza upana wote wa njia ya Dunia kulizunguka Jua. Leo tunajua ni karibu dakika 16 na nusu. Kwa saa za karne ya 17, hilo si kosa la kuchekwa.

Hatua ya 2: Chora mihimili

Chora mstari wima: huo ni wakati, na unapanda juu. Chora mstari wa mlalo: huo ni umbali. Mraba mmoja wa kupanda uwe sekunde moja. Mraba mmoja wa kwenda kando uwe sekunde moja ya nuru. Usibadilishe uwiano huu, maana kila kitu kinachofuata kinautegemea.

Nukta yoyote kwenye karatasi ni tukio, yaani mahali fulani pamoja na wakati fulani. Taa ikiwaka, hiyo ni nukta. Kitu kilichotulia huacha mstari wima, kwa sababu hata kikikaa palepale wakati wake unaendelea kupanda. Kitu kinachosogea huacha mstari ulioinama. Nuru huenda mraba mmoja kando kwa kila mraba mmoja wa kupanda, kwa hiyo mstari wake umelala kwa nyuzi 45 kamili.

Tahadhari kwa waliozoea grafu za shuleni: huko wakati huwekwa chini, na mstari mkali zaidi humaanisha mwendo wa haraka zaidi. Hapa ni kinyume. Kadiri mstari unavyosimama, ndivyo mwendo ulivyo wa polepole.

Sasa jaribu kuichora ndege ya abiria inayokwenda kilomita 900 kwa saa. Kwa sekunde ni mita 250. Ili isogee mraba mmoja kando itabidi upande miraba karibu milioni 1.2, yaani siku 14 za kuruka bila kutua. Penseli yako haina uwezo wa kuonyesha mwinamo huo, na hiyo ndiyo sababu binadamu aliishi miaka yote akidhani wakati ni mmoja kwa wote. Newton alipoandika mwaka 1687 kwamba wakati hutiririka sawasawa bila kujali kitu chochote cha nje, hakuna kifaa cha zama zake ambacho kingempinga.

Hatua ya 3: Tia alama mpaka wa habari

Chagua tukio moja, kisha kutoka kwenye nukta yake chora mistari miwili ya nyuzi 45 inayopanda, mmoja kulia na mmoja kushoto. Eneo lililo katikati ya mistari hiyo ndilo tukio lako linaweza kulifikia. Fanya vivyo hivyo kwenda chini, upate eneo la yote yaliyoweza kuliathiri. Kinachobaki pembeni, kulia na kushoto, hakina habari na tukio lako, na tukio lako halina habari nacho.

Zoezi zuri ni kutua kwa gari la utafiti la Perseverance kwenye sayari ya Mirihi, tarehe 18 Februari 2021. Siku hiyo ishara ya redio ilihitaji dakika 11 na ushee kufika duniani, na safari ya kushuka, kuanzia kugusa angahewa hadi kukanyaga ardhi, ilichukua kama dakika 7. Safari hii mraba mmoja uwe dakika moja. Chora mstari wima wa Dunia, kisha wa Mirihi miraba 11 pembeni (kwa muda mfupi hivyo mwendo wa sayari zenyewe tunaupuuza). Weka nukta ya kuingia angahewani na nyingine ya kutua, miraba 7 juu yake. Kutoka kwenye nukta ya kwanza vuta mstari wa nyuzi 45 hadi Dunia. Utaona wazi kwamba wahandisi walipopata habari "limeingia angahewani", gari lilikuwa limekwisha kutua, zima au limevunjika. Hakuna usukani wa mbali ungeweza kusaidia. Ilibidi kompyuta ya chombo iamue yenyewe.

Mpaka huu si wa nuru peke yake. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano kutoka kwenye nyota mbili za nyutroni zilizogongana yalifika duniani, na mnururisho wa gama ukayafuata kwa sekunde 1.7 tu, baada ya safari ya takriban miaka milioni 130. Mvutano nao unatii mstari uleule wa nyuzi 45.

Hatua ya 4: Hesabu pengo

Hapa ndipo pa kukaa, kwa hiyo usipite mbio.

Mwaka 1887 Michelson na Morley, huko Cleveland nchini Marekani, walilinganisha mwendo wa nuru katika pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Dunia hulizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde, kwa hiyo walitarajia tofauti. Haikuonekana. Mwaka 1905 Einstein aliweka sharti kwamba kasi ya nuru katika ombwe ni ileile kwa kila mpimaji, hata kama mmoja anakimbia kwa kasi kubwa kumpita mwenzake. Sharti hilo likikubaliwa, basi wakati peke yake na umbali peke yake haviwezi kubaki vilevile kwa wote. Miaka mitatu baadaye Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha Einstein hisabati, alionyesha ni kitu gani kinachobaki:

pengo² = wakati² − umbali²

Fikiria fimbo iliyoegemezwa ukutani. Ukiisogeza, kimo chake kinapungua na upana wake chini unaongezeka, lakini urefu wa fimbo ni uleule. Wakati na umbali ni kama kimo na upana: kila mpimaji ana namba zake. Pengo ndilo fimbo. Tofauti iko kwenye alama: kwa fimbo unajumlisha (kimo² + upana²), hapa unatoa. Alama hiyo ya kutoa ndiyo inayotenganisha wakati na nafasi. Anayekwambia wakati ni upande wa nne "kama pande nyingine tu" ameiruka.

Mfano. Chombo kinatoka kituo A kwenda kituo B, umbali wa sekunde 3 za nuru, na kwa saa za vituo kinachukua sekunde 5. Kasi yake ni 3 ÷ 5, yaani 0.6 ya kasi ya nuru. Pengo: 25 − 9 = 16, na kipeuo chake ni 4. Hizo ndizo sekunde ambazo saa ya ndani ya chombo itahesabu. Si kwamba saa imeharibika. Mapigo ya moyo, mshumaa unaoyeyuka, vyote ndani ya chombo vimepita sekunde 4.

Umbali je? Kwa aliye chomboni, ni kituo B kilichomfuata kwa kasi ya 0.6 kwa sekunde 4. Hivyo kwake vituo viko mbali kwa 2.4, si 3. Wakati ulipopungua, umbali nao ulipungua kwa kiwango kilekile. Huwezi kubadilisha kimoja ukaacha kingine.

Jibu la kutoa likiwa chanya, tukio la kwanza lingeweza kusababisha la pili, na wapimaji wote wanakubaliana lipi lilitangulia. Likiwa sifuri, ni nuru tu iliyoweza kuyaunganisha. Likiwa hasi, hakuna ishara iliyoweza kuvuka kutoka moja hadi jingine, na hapo mambo hugeuka ya ajabu.

Washa taa mbili kwa wakati mmoja, moja kwenye sifuri na nyingine umbali wa 5 mbele. Kupata namba za msafiri anayepita kwenye taa ya kwanza kwa kasi ya 0.6 kuelekea ya pili, tumia:

wakati wake = (wakati − kasi × umbali) ÷ √(1 − kasi²)

umbali wake = (umbali − kasi × wakati) ÷ √(1 − kasi²)

Kwa 0.6, kigawanyo ni 0.8. Taa ya mbele: wakati wake ni (0 − 3) ÷ 0.8 = −3.75. Umbali wake ni 5 ÷ 0.8 = 6.25. Kwa msafiri, taa ya mbele iliwaka sekunde 3.75 kabla ya ile ya kwanza! Wala si suala la nuru kuchelewa kumfikia. Huo ucheleweshaji ameshauondoa kwenye hesabu zake. Kagua pengo: 0 − 25 = −25 kwa aliyesimama; 14.06 − 39.06 = −25 kwa msafiri. Wamekubaliana. Kila ukitumia kanuni hizi mbili, kagua hivyo. Likitofautiana, umekosea alama mahali.

Hatua ya 5: Ijaribu kwa muoni

Muoni ni chembe zinazozaliwa juu angani miale ya anga za mbali inapogonga hewa. Wastani wa uhai wake ni mikrosekunde 2.2. Hata kwa kasi inayokaribia ya nuru, mikrosekunde 2.2 ni kama mita 660 tu. Lakini muoni zilizozaliwa kilomita 15 juu hufika chini kwa wingi.

Chukua moja yenye kasi ya 0.995. Umbali: kilomita 15 ni mikrosekunde 50.03 za nuru. Wakati kwa saa za ardhini: 50.03 ÷ 0.995 = 50.29. Hapa mgeni huharibu kazi kwa kukadiria tarakimu mapema, maana namba mbili zinazokaribiana zikitolewa, kilichobaki hupotea. Dawa ni kuandika wakati² − umbali² kama (wakati − umbali) × (wakati + umbali). Kwa tarakimu zaidi: 0.2514 × 100.32 = 25.2, na kipeuo ni 5.02.

Kwa hiyo saa ya muoni imehesabu mikrosekunde 5, si 50. Kwa uhai wa wastani wa 2.2, karibu moja katika kila kumi itafika. Kama wakati ungekuwa mmoja kwa wote, ingefika chini ya moja katika bilioni 8. (Nimepuuza nishati ambayo chembe hupoteza hewani, jambo linalobadilisha namba lakini si hukumu.) Wanafizikia Rossi na Hall walipima kupungua kwa muoni huko Colorado, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1941, nayo yakawa upande wa Einstein. Ukimuuliza muoni, uhai wake haukurefuka hata kidogo: ni hewa iliyokuwa nene kilomita 1.5 badala ya 15.

Hatua ya 6: Kunja mstari

Fikiria mapacha wawili. Mmoja anabaki nyumbani. Mstari wake ni wima, miaka 10. Mwingine anakwenda miaka 3 ya nuru kwa miaka 5, anageuka, anarudi kwa miaka 5. Hesabu kila kipande: 4 na 4, jumla 8. Amerudi akiwa mdogo kwa miaka miwili.

Watu hubishana: kwani kwa msafiri si pacha wa nyumbani ndiye aliyekimbia? Tazama mchoro. Mstari mmoja umenyooka, mwingine una kona, na kona haiondoki hata ukimbadilisha mpimaji. Kwenye karatasi ya kawaida njia iliyonyooka ndiyo fupi. Hapa, kwa sababu ya ile alama ya kutoa, njia iliyonyooka ndiyo yenye wakati mrefu kuliko zote. Mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomi duniani kwa ndege za abiria, mara moja kuelekea mashariki na mara moja magharibi. Ziliporudi zilitofautiana na zilizobaki, kwa kiasi cha nanosekunde makumi hadi mamia. Humo ilikuwamo athari ya mwendo na ya kimo pia.

Hatua ya 7: Ongeza kimo

Karatasi tuliyoichora ni bapa. Mvutano huikunja, na saa iliyo chini hukimbia polepole kuliko iliyo juu. Pound na Rebka walilionyesha hilo mwaka 1960 ndani ya jengo la Chuo Kikuu cha Harvard, kwa kimo cha mita 22.5. Mwaka 2010 saa za taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ziliweza kuhisi tofauti ya sentimita 33.

Mahali unapolitumia kila siku ni kwenye GPS. Setilaiti zake, kilomita 20,200 juu, hupoteza kama mikrosekunde 7 kwa siku kwa sababu ya mwendo, na hupata kama 45 kwa sababu ya kimo. Zinatangulia kwa 38. Rudi hatua ya kwanza: mikrosekunde 38 za nuru ni kilomita 11 na zaidi. Lisiporekebishwa, kosa la ukubwa huo lingeongezeka kila siku katika umbali unaopimwa hadi setilaiti. Na simu huhitaji ishara za setilaiti nne, si tatu: namba tatu za mahali ilipo, na ya nne ni wakati, kwa kuwa saa ya simu haiaminiki kwa nanosekunde.

Hatua ya 8: Jua karatasi inapoishia

Usiitumie karatasi bapa kwa magalaksi ya mbali. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, lakini ukingo wa tunachoweza kuona uko sasa umbali wa miaka ya nuru bilioni 46 hivi. Hakuna nuru iliyovunja sheria hapo. Nafasi yenyewe imekuwa ikitanuka nuru ikiwa njiani, kwa hiyo mahali ilipotoka pamesogea. Kwa umbali kama huo swali "ni mbali kiasi gani?" lina majibu kadhaa: umbali wakati nuru ilipoondoka, umbali wa leo, au muda iliosafiri. Ukisoma habari kwamba galaksi fulani iko "miaka bilioni 13 ya nuru", mara nyingi wanamaanisha muda wa safari. Wanaastronomia wenyewe hukwepa utata huo kwa kuandika tu ni kwa kiasi gani mawimbi ya nuru yamevutika njiani, maana hicho ndicho walichopima.